Benjamin Franklin: Mchapishaji aliyeyahesabu makosa yake kila usiku

WATU wengi huifahamu sura ya Benjamin Franklin hata kama jina lake hawalijui. Ndiye yule mzee mwenye kipara cha mbele na nywele ndefu zilizoshuka hadi karibu na mabega, anayeonekana kwenye noti ya dola 100 ya Marekani. Noti hiyo, ambayo imebeba sura yake tangu 1914, hupokewa katika maduka ya kubadilisha fedha kote duniani, yakiwemo ya Nairobi na Mombasa.

Vitabu vya historia humtaja kama mwanasayansi aliyeonyesha kuwa radi ni umeme, mwanadiplomasia aliyewashawishi Wafaransa kuisaidia Marekani, na mmoja wa waasisi wa taifa hilo. Hata hivyo, ipo kazi nyingine aliyoianza kimyakimya kabla ya umaarufu huo wote. Kazi hiyo ilikuwa kuitawala nafsi yake.

Franklin hakuwa mtawa. Wala hakuzaliwa na moyo usiotamani. Alikuwa kijana aliyependa chakula, mazungumzo, marafiki na wanawake, na ambaye mara kadhaa alijionea jinsi azimio la asubuhi linavyovunjika kabla ya jua kutua. Kilichomtofautisha na wengine ni kwamba aliyaandika makosa yake na kuyahesabu, kama mfanyabiashara anavyohesabu madeni.

Mwana wa mtengeneza mishumaa

Alizaliwa mjini Boston mnamo Januari 17, 1706, wakati Marekani ingali koloni la Uingereza. Baba yake, Josiah, alikuwa mtengenezaji wa sabuni na mishumaa. Nyumba ilikuwa na watoto 17 kutoka kwa wake wawili, na Benjamin alikuwa wa 15. Karo haikupatikana kwa urahisi katika familia kama hiyo. Alisoma shuleni kwa miaka miwili tu, na alipofika umri wa miaka 10 alikuwa tayari akikata tambi za mishumaa katika karakana ya baba yake.

Funzo lake la kwanza kuhusu tamaa alilipata akiwa na miaka saba. Siku moja ya sikukuu, jamaa na marafiki walimjazia mfuko sarafu. Akiwa njiani kuelekea dukani alimwona mtoto mwenzake akipuliza filimbi, naye akavutiwa na mlio wake kiasi cha kutoa fedha zote alizokuwa nazo ili aipate. Alirudi nyumbani akipuliza kwa furaha huku akizunguka kila chumba. Kaka na dada zake walipojua bei aliyolipa, walimweleza kuwa ametoa mara nne ya thamani ya filimbi hiyo, kisha wakamcheka. Mtoto akalia. Uchungu wa fedha zilizopotea ukaizidi raha ya filimbi.

Kisa hicho alikisimulia akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Alieleza kwamba katika maisha yake aliwaona watu wengi wakinunua filimbi zao kwa bei ghali mno. Kuna waliotoa usingizi wao na uhuru wao ili wapendwe na wakubwa, na kuna waliotoa afya yao kwa ajili ya anasa za kupita.

Alipotimiza miaka 12 alitiwa saini ya uanagenzi katika kiwanda cha uchapishaji cha kaka yake James. Mkataba ulimfunga hadi atakapofika miaka 21. Huko ndiko alikokutana na vitabu. Aliviazima jioni kutoka kwa wauzaji, akavisoma usiku kucha na kuvirudisha alfajiri kabla havijatafutwa.

Samaki kwenye kikaango

Akiwa na umri wa miaka 16 hivi, Franklin alisoma kitabu kilichosifu ulaji usio na nyama, naye akaamua kuiacha. Alimwomba James ampe nusu ya fedha zilizokuwa zikitumika kumlisha ili ajitafutie chakula mwenyewe. Punde akagundua kuwa anaweza kuweka akiba nusu ya kile alichopewa. Mlo wake ukawa kipande cha mkate, konzi ya zabibu kavu na bilauri ya maji. Wenzake walipokwenda kula, yeye alibaki peke yake kiwandani akisoma, na akiba yake ikanunua vitabu zaidi.

Mpango ule ulikwenda vyema hadi 1723. Mwaka huo, akiwa na miaka 17 na akiwa amechoshwa na kipigo cha kaka yake, alitoroka Boston kwa njia ya bahari. Chombo alichopanda kilikosa upepo karibu na kisiwa cha Block, na mabaharia wakaanza kuvua. Walivua samaki wakubwa wengi, wakawakaanga papo hapo sitahani.

Kijana huyo aliamini wakati huo kwamba kumuua samaki asiyemdhuru mtu ni dhuluma. Lakini kabla ya kuacha vyakula hivyo alikuwa mpenzi mkubwa wa samaki, na harufu iliyotoka kwenye kikaango ilimwita. Akasitasita kati ya kanuni yake na hamu yake. Ndipo akakumbuka kuwa samaki wale walipopasuliwa, samaki wadogo walionekana matumboni mwao. Akajiambia kuwa ikiwa wao hulana wenyewe kwa wenyewe, hakuna sababu ya yeye kutowala. Akala akashiba.

Baadaye alikicheka kisa hicho, lakini alikiweka katika kumbukumbu zake kwa sababu kilimfunza jambo. Aliona jinsi ilivyo rahisi kwa kiumbe mwenye akili kupata au kubuni hoja ya kuhalalisha chochote anachotamani. Akili aliyoitegemea imlinde ndiyo iliyomtafutia njia ya kuvunja ahadi yake. Njia yoyote ya kujidhibiti ambayo ingesubiri majadiliano ya moyoni wakati kikaango kiko motoni ingeshindwa.

Fedha za amana

Franklin alifika Philadelphia mnamo Oktoba 1723 akiwa na nguo chafu na karibu dola moja mfukoni. Alinunua mikate mitatu mikubwa, akala mmoja huku akitembea barabarani, na miwili iliyosalia akampa mwanamke na mtoto wake waliosafiri naye. Msichana mmoja aitwaye Deborah Read alikuwa amesimama mlangoni kwao na kumwona akipita katika hali ile ya kuchekesha. Baadaye angekuwa mkewe.

Alipata kazi haraka, lakini hakukawia kuanguka. Bwana mmoja aitwaye Vernon, aliyekuwa akidai paundi 35 hivi huko Pennsylvania, alimwomba amkusanyie fedha hizo na kumwekea mpaka atakapozihitaji. Franklin alizipokea. Wakati huo rafiki yake wa utotoni, John Collins, kijana mwenye kipaji kikubwa cha hesabu, alikuwa amezama katika ulevi na kamari. Hakuna aliyetaka kumwajiri. Collins alikopa kidogokidogo kutoka kwa Franklin, naye Franklin hakuwa na fedha nyingine za kumpa isipokuwa zile za amana. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Hatimaye Collins alipata kazi Barbados, akaahidi kulipa deni, akaondoka asisikike tena.

Kwa miaka kadhaa Franklin aliishi kwa hofu ya siku ambayo Vernon angedai haki yake. Alipodaiwa aliomba muda, na mara tu alipoweza alilipa fedha zote pamoja na riba. Alipokuja kuandika maisha yake alikihesabu kitendo hicho miongoni mwa makosa makubwa ya ujana wake. Makosa hayo aliyaita kwa neno la kazi yake, makosa ya chapa, yaani yale ambayo mchapishaji angeyasahihisha iwapo angepewa nafasi ya kutoa toleo la pili.

Maji ya Mmarekani

Gavana wa Pennsylvania alimshawishi kijana huyo aende London kununua mitambo ya kuchapisha, akimwahidi barua za mkopo. Franklin alipowasili huko mnamo Desemba 1724, alikuta kwamba barua hizo hazikuwahi kuandikwa. Akabaki katika jiji kubwa bila mtaji, akalazimika kuajiriwa.

Katika kiwanda cha John Watts walifanya kazi watu karibu 50, na wengi wao walikuwa wanywaji wakubwa wa bia. Mmoja wa wenzake alikunywa painti moja kabla ya kifungua kinywa, nyingine pamoja na kifungua kinywa, nyingine kabla ya chakula cha mchana, nyingine wakati wa chakula hicho, nyingine saa kumi na mbili jioni, na ya mwisho baada ya kazi. Aliamini kuwa mtu hawezi kuwa na nguvu za kazi bila bia kali. Franklin alikunywa maji. Wenzake wakampachika jina la Mmarekani wa maji, wakastaajabu kumwona akipanda na kushuka ngazi akiwa na fremu ya herufi za risasi katika kila mkono, ilhali wao walibeba moja kwa mikono yote miwili.

Alijaribu kuwaonyesha kwa hesabu kuwa mkate wa peni moja una nafaka nyingi kuliko painti nzima ya bia. Yule mwenzake hakushawishika, na kila Jumamosi usiku alikatwa shilingi nne au tano kutoka kwa mshahara wake kulipia pombe. Baadhi yao waliacha bia ya asubuhi pale tu Franklin alipowaelekeza kwa jirani aliyeuza uji wa moto wenye siagi, pilipili manga na makombo ya mkate kwa bei ya painti moja. Hoja pekee haikutosha kuwabadilisha. Walihitaji kitu kingine cha kushika mikononi mahali pa kikombe cha bia.

Hata hivyo, itakuwa makosa kudhani kuwa Franklin wa London alikuwa mfano wa nidhamu. Kijana huyohuyo aliyeishinda bia alitumia fedha zake kwa michezo ya kuigiza na matembezi pamoja na rafiki yake James Ralph, ambaye alimwachia deni la paundi 27. Alijaribu kumtongoza mpenzi wa Ralph na akakataliwa, na urafiki ukavunjika. Aidha, Deborah, ambaye walikuwa wameahidiana naye kabla ya safari, alimwandikia barua moja tu, nayo ilikuwa ya kumjulisha kuwa huenda asirudi karibuni. Msichana huyo aliozwa mtu mwingine ambaye baadaye alimtoroka. Franklin alikuwa na ngome upande mmoja wa maisha yake, huku pande nyingine zikiwa wazi.

Safu 13, nguzo saba

Alirudi Philadelphia mnamo Oktoba 1726, na katika safari hiyo ndefu ya baharini alianza kujiandikia kanuni za maisha. Mwaka wa 1730 aliungana na Deborah katika maisha ya ndoa. Wakati huo alikuwa na mtoto wa nje ya ndoa, William, ambaye Deborah alikubali kumlea nyumbani.

Ilikuwa katika miaka ya mapema ya 1730 ambapo Franklin alibuni mpango ambao yeye mwenyewe aliuona kuwa wa kijasiri: kufikia ukamilifu wa tabia. Alidhani kwamba kwa kuwa anajua lililo jema na lililo baya, hakuna sababu ya kutotenda jema daima. Haukupita muda akagundua kuwa alipoelekeza macho kwenye kosa moja, jingine lilimvamia kutoka upande mwingine. Mazoea yalitumia kila nafasi ya kusahau kwake.

Hapo ndipo alipoacha kutegemea nia njema na kutafuta utaratibu. Aliorodhesha maadili 13. Nayo ni kiasi katika kula na kunywa, ukimya, mpangilio, uthabiti wa nia, ubanifu wa matumizi, bidii, ukweli wa moyo, haki, kutopita mipaka, usafi, utulivu, kujitunza katika mambo ya kimwili, na unyenyekevu. Kila moja aliliandikia maelezo mafupi ili lisibaki neno tupu. Kiasi, kwa mfano, kilimaanisha kutokula hadi kuwa mzito na kutokunywa hadi kulewa.

Mpangilio wa orodha haukuwa wa kubahatisha. Kiasi kilitangulia kwa sababu mtu aliyelewa au kuvimbiwa hawezi kukesha akilinda maadili mengine. Ukimya ulifuata kwa kuwa Franklin alipenda mno mzaha na maneno mengi, naye aliamini kuwa maarifa hupatikana kwa masikio kuliko kwa ulimi. Mpangilio ungempa muda wa masomo. Ubanifu na bidii vingemwondoa kwenye deni, na asiye na deni huona wepesi zaidi kusema kweli na kutenda haki.

Alitengeneza daftari dogo na kuchora kila ukurasa kwa wino mwekundu, safu 13 za maadili na nguzo saba za siku za juma. Kila jioni alijichunguza, na mahali alipokosea akatia nukta nyeusi. Hakujaribu kuyashinda makosa yote kwa pamoja. Juma la kwanza alilinda kiasi pekee, akiyaacha mengine yaende kama kawaida huku akiyaandika tu. Safu hiyo ikibaki safi, juma lililofuata aliongeza la pili. Alijilinganisha na mtunza bustani ambaye hang'oi magugu yote kwa siku moja, bali humaliza tuta moja kabla ya kwenda jingine. Majuma 13 yalikamilisha mzunguko, na kwa mwaka mmoja aliweza kuurudia mara nne.

Siku yake pia aliigawanya. Aliamka saa kumi na moja alfajiri na kujiuliza ni jema gani atakalolifanya. Saa mbili hadi saa sita alifanya kazi, kisha akasoma, akakagua hesabu zake na kula, halafu akarudi kazini hadi saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo alirudisha vitu mahali pake, akala, akazungumza au kusikiliza muziki, na kabla ya kulala saa nne usiku akajiuliza ni jema gani alilolitenda.

Matokeo yalimshtua. Nukta nyeusi zilikuwa nyingi kuliko alivyotarajia. Karatasi zilitoboka kwa kufutwafutwa ili zitumike tena, akalazimika kuhamia kwenye kurasa za pembe za ndovu ambazo alama zake ziliweza kufutwa kwa sifongo lenye maji. Lakini kadiri miezi ilivyopita alipata furaha ya kuona nukta zikipungua.

Shoka lenye madoa

Adili lililomtesa kuliko yote ni mpangilio. Mchapishaji hutembelewa na wateja wakati wowote, hivyo ratiba yake ilivurugika kila mara. Isitoshe, alikuwa na kumbukumbu nzuri tangu utotoni, na hakuona hasara ya kutupa karatasi zake ovyo. Alikaribia kukata tamaa.

Alijifananisha na mtu aliyenunua shoka kwa mhunzi, akataka lote ling'ae kama makali yake. Mhunzi alikubali, mradi mnunuzi mwenyewe azungushe gurudumu la kunolea. Kazi ilikuwa nzito, na kila mara yule mtu aliacha gurudumu kwenda kuangalia shoka lake. Mwishowe alisema atalichukua lilivyo. Mhunzi alipomhimiza aendelee kwa kuwa madoa yangetoka kidogokidogo, mnunuzi alijibu kuwa analipenda zaidi shoka lenye madoa. Franklin alijua kuwa huo ni udhuru, sawa na ule wa samaki. 

Unyenyekevu haukuwa kwenye orodha ya kwanza, iliyokuwa na maadili 12. Uliongezwa baada ya rafiki yake mmoja wa madhehebu ya Quaker kumweleza kuwa watu humwona mwenye kiburi na mshindani katika mazungumzo, akampa na mifano. Franklin alikubali. Akajikataza maneno yote ya kukata kauli, akaanza kutanguliza maoni yake kwa maneno ya kudhani na kukisia. Alikiri kwamba hakufanikiwa kuling'oa kosa lenyewe, ila alipata sura yake ya nje. Kiburi, kwa maoni yake, ndicho kigumu zaidi kushindwa, kwani hata angekishinda, huenda angejivunia unyenyekevu wake.

Daftari halikuwa ulinzi wake pekee. Tangu 1727 alikuwa amewakusanya mafundi na makarani wenzake katika kikundi kilichoitwa Junto, kilichokutana kila Ijumaa jioni kujadili maadili, siasa na sayansi. Aliyebisha kwa ukali au kutumia lugha ya kukata kauli alitozwa faini ndogo. Kutokana na kikundi hicho, maktaba ya kukopesha vitabu ilianzishwa mwaka wa 1731.

Nyumbani alikula kifungua kinywa cha mkate na maziwa katika bakuli la udongo la bei ya chini. Asubuhi moja alikuta chakula kimewekwa katika bakuli la kauri lenye kijiko cha fedha. Deborah alikuwa amevinunua kwa shilingi 23, kwa maelezo kuwa mumewe anastahili kama majirani. Baada ya hapo, vyombo vya kauri viliongezeka nyumbani mwaka baada ya mwaka. Franklin alikisimulia kisa hicho kama onyo la jinsi anasa inavyoingia katika nyumba hata pale ambapo kanuni inaikataza.

Bidii hiyo ilizaa matunda. Gazeti lake la Pennsylvania Gazette lilistawi, na kalenda yake ya Poor Richard, iliyoanza kuchapishwa 1732 ikiwa na methali za kuhimiza kazi na akiba, iliuza karibu nakala 10,000 kwa mwaka. Mwaka wa 1748, akiwa na umri wa miaka 42, aliweza kuacha biashara. Muda alioununua kwa njia hiyo ndio uliomwezesha kufanya majaribio ya umeme, likiwemo lile mashuhuri la kishada mnamo 1752.

Kimya cha London

Mtihani mkubwa wa ukimya na utulivu ulimjia Januari 29, 1774. Franklin, akiwa wakala wa makoloni jijini London, aliitwa mbele ya Baraza la Faragha la mfalme kuhusu barua za siri zilizovuja. Wakili wa serikali, Alexander Wedderburn, alimshambulia kwa matusi kwa karibu saa nzima, huku baadhi ya mabwana waliohudhuria wakicheka na kushangilia. Franklin, mwenye umri wa miaka 68, alisimama bila kusema neno na bila kubadilisha sura. Kijana aliyetia nukta nyeusi kila alipopayuka alikuwa amejifunza kunyamaza mahali ambapo hasira ingewafaidi maadui zake.

Miaka miwili baadaye alitia saini Azimio la Uhuru, kisha akatumwa Paris. Huko uvumilivu wake ulisaidia kupatikana kwa mkataba wa urafiki na Ufaransa mnamo 1778 na ule wa amani na Uingereza mnamo 1783.

Yale yasiyoingia daftarini

Pamoja na hayo, maisha ya Franklin yanaonyesha udhaifu wa daftari lenyewe. Kosa huhesabiwa tu na mtu aliyeliona kuwa kosa, na mengine makubwa hayakupewa safu.

Orodha yake ilikuwa na haki, lakini tangu miaka ya 1730 nyumba yake ilikuwa na watumwa, na gazeti lake lilichapisha matangazo ya kuuza watu. Alipokwenda London mwaka wa 1757 alichukua wawili, Peter na King, na King akatoroka. Kwa miaka mingi mtu huyo aliyejilaumu kwa kula kupita kiasi na kupoteza dakika hakujilaumu kwa kummiliki binadamu mwenzake.

Deborah naye alilipa sehemu ya gharama. Aliogopa kuvuka bahari, na mumewe aliishi ng'ambo kwa miaka mingi. Aliugua kiharusi na kumwomba arudi. Alifariki Desemba 1774 wakiwa hawajaonana kwa takriban miaka 10. Na William, aliyekuwa gavana aliyemtii mfalme, alitofautiana na baba yake wakati wa vita vya uhuru. Franklin, bingwa wa utulivu na maridhiano, hakumsamehe mwanawe hadi kufa, na katika wasia alimwachia kitu kidogo sana.

Hata kiasi, adili la kwanza, kilimponyoka uzeeni. Jijini Paris alikula vizuri, akanywa divai, akakaa kwenye meza ya sataranji hadi usiku wa manane. Maradhi ya jongo yalimshika miguu, naye mwaka wa 1780 akaandika mazungumzo ya kuchekesha ambamo ugonjwa huo unamshtaki kwa ulafi na uvivu wa kutembea.

Jambo moja alilichelewesha, ila hakuliacha. Mwaka wa 1787, akiwa na miaka 81, alikubali kuwa rais wa Chama cha Pennsylvania cha Kukomesha Utumwa. Februari 1790, akiwa taabani kwa maradhi, alitia saini ombi lililolitaka Bunge la Marekani kuchukua hatua dhidi ya utumwa na biashara yake. Bunge lilijitetea kuwa halina mamlaka hayo, na utumwa ukaendelea hadi 1865. Hiyo ilikuwa miongoni mwa kazi zake za mwisho za hadharani, ikisahihisha kosa ambalo daftari la ujana halikuliona.

Mwandiko uliorekebika

Benjamin Franklin alifariki mjini Philadelphia Aprili 17, 1790, akiwa na umri wa miaka 84. Watu wapatao 20,000 walihudhuria mazishi yake.

Katika wasia aliiachia miji ya Boston na Philadelphia paundi 1,000 kila mmoja, fedha zilizotokana na mshahara wake wa kuongoza Pennsylvania. Zilikuwa za kuwakopesha vijana mafundi waliomaliza uanagenzi ili waanzishe biashara, na riba yake iachwe ikue kwa miaka 200. Muda huo ulipokamilika mwaka wa 1990, hazina hizo zilikuwa na mamilioni ya dola. Ile ya Boston ilikuwa imekwishasaidia kujenga chuo cha ufundi. Mtoto aliyemaliza sarafu zake zote kwa filimbi alikuwa amepanga fedha ambazo yeye na wajukuu wake wasingeziona zikikomaa.

Alipoandika kuhusu daftari lake mnamo 1784, akiwa nchini Ufaransa, hakudai kuwa alifikia ukamilifu alioutamani. Alikiri kwamba alikuwa mbali nao. Alijifananisha na mwanafunzi anayejifunza mwandiko kwa kunakili herufi zilizochongwa na mabingwa. Hatazifikia kamwe kwa uzuri, lakini mkono wake hurekebika kwa kujaribu, na mwandiko wake ukasomeka. Aliacha kutia nukta kila siku miaka mingi kabla ya hapo, kwa sababu ya safari na shughuli za umma. Daftari lenyewe alizidi kulibeba kila alikokwenda.